Jumamosi ya Kufukua

Kabondo, Kisangani
Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025

Kwa yaya yangu, kaka yangu mkubwa Timothée, huko Opala,

Salamu zangu zikufikie wewe kwanza, kisha mkeo Plamedie, kisha Benie, ambaye kwa hesabu yangu anaanza kung'oka meno ya mbele. Afya zenu zikoje? Ile malaria ya Plamedie imemwachia apumue? Hapa nyumbani tunaamka, tunakula, tunalala. Goti la mama linamsumbua mvua ikikaribia, lakini ukimwambia abaki nyumbani anakuuliza kama maharagwe yatajiuza yenyewe. Anakukumbuka sana. Kila Jumapili baada ya misa anawaeleza wenzake kwamba mtoto wake ndiye mwalimu wa mabwawa ya samaki Opala nzima, ana pikipiki ya mradi na gilet, kizibao chenye mifuko sita. Mimi huwa nasimama pembeni namsikiliza.

Utashangaa kupata karatasi katika siku hizi za simu. Mara ya mwisho nilikuandikia barua ulikuwa unasoma Butembo na mimi nilikuwa bado nachora maua pembeni. Ningeweza kukupigia, lakini simu yako ina tabia ya kukatika pale hasa ninapofika kwenye maneno, na network ya Opala ina mgongo mpana, inabebeshwa kila kosa. Karatasi haikatiki. Nimempa Fadhili, yule dereva wa pikipiki anayewaletea chumvi na sabuni, naye ameniahidi ataiweka mkononi mwako wewe mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita uliniachia ujumbe wa sauti. Ulikuwa mpole kabisa. Uliuliza kazi gani hii ninayofanya kwenye kikundi cha wafugaji wa samaki, na kwa nini ninaamsha mambo ambayo watu wameshasahau. Ulisema maneno ya Facebook ni ya siku ileile, yakipita yamepita. Nilikujibu kwa neno moja tu, kwamba nitakueleza. Sasa nakueleza, na nakuomba ukae chini, umalize.

Unajua bado niko pale secrétariat public karibu na soko, napiga chapa barua za watu na kutoa fotokopi. Mwaka jana, mwezi wa nane, Mama Agathe aliingia kuchapisha mwaliko wa mkutano. Ni yeye aliyeanzisha kikundi cha Wafugaji Samaki wa Tshopo, na hadi leo ndiye msimamizi. Alikuwa amechoka. Alisema kila asubuhi akifungua simu anakuta swali lilelile: samaki wangu wanapanda juu ya maji kuvuta hewa, nifanye nini? Na majibu yako humo humo ndani, yameandikwa vizuri na watu waliojua, ila yamelala chini ya miaka mingi ya picha za harusi, matangazo ya wigi na pole za msiba. Aliniambia mimi nina kompyuta na nina macho, basi nimsaidie kuyatoa.

Nikakubali, na nisikudanganye, mwanzoni nilikubali kwa sababu kazini kulikuwa kimya. Nilianza kusoma kikundi tangu andiko la kwanza la mwaka 2016. Nikanunua daftari, nikaligawa sehemu nne: maji, chakula, vifaranga, maadui. Niliweka sheria moja: sichukui andiko lolote isipokuwa kama mwandishi alikuwa amefanya jambo hilo kwa mikono yake. Kila Jumamosi asubuhi nachagua moja, naandika chini yake neno moja, "Ipande", nalo linapanda lenyewe hadi juu ambako watu wote wanaliona. Kisha nawaeleza wageni lina faida gani, na namwita mwandishi aseme mambo yaliishaje. Watu wakaipa jina, Jumamosi ya Kufukua.

Yaya, watu walifurahi kuliko nilivyofikiri. Kuna papa mmoja, mzee wa Yanonge, Ruphin, ambaye aliuliza kwa uchungu jinsi ya kuzuia wanyama wa mto wasile samaki wake. Nilitafuta nikamletea jibu kamili, la uzio wa mianzi iliyochongwa. Alishukuru sana, akauliza mwerevu huyo ni nani. Nikamwambia aangalie jina. Alikuwa ni yeye mwenyewe, mwaka 2018. Kikundi kilicheka siku nzima, naye akacheka zaidi ya wote, na kesho yake akaenda kukata mianzi. Wengine waliniandikia faraghani kwamba walidhani maneno yao yameshakufa. Nilianza kuipenda kazi hii.

Halafu nikamfikia papa, baba yetu.

Aliandika mara arobaini na tatu. Ulijua? Mimi sikujua. Mimi, binti yake, niliyekuwa humo kikundini tangu mwanzo, sikuwa nimesoma hata moja hadi mwisho, kwa sababu yalikuwa marefu na yeye alikuwa papa tu, ningemsikia mezani. Aliandika kama mtu anayeiandikia parokia. Alisalimu wote, aliuliza habari za watoto, kisha akaeleza namna ya kuchimba mfereji wa kutoa maji, namna ya kujua kwa kiwiko kama maji yana joto mno, namna ya kuwatenga majike. Na mwisho wa kila andiko alitia saini, kana kwamba jina lake halikuwa limeshaandikwa pale juu: "Liévin, Kabondo." Nilisoma yote pale kwenye kiti cha kazini, na mteja aliyekuja kwa fotokopi ilibidi asubiri nifute uso.

Yale yaliyompata unayajua. Lakini nataka uyasome kwa mwandiko wangu.

Agosti 2021 akaunti moja isiyokuwa na uso, yenye picha ya ua, inayojiita Rafiki ya Étang, yaani rafiki wa bwawa, iliweka picha ya beseni lililojaa tilapia waliokufa. Iliandika kwamba tonton Liévin, kama wote walivyomwita mjomba, amewafundisha watu kulisha samaki majani ya muhogo, na matokeo ndiyo haya. Siku ileile kila mtu ambaye samaki wake walikuwa wamewahi kufa, kwa joto, kwa uvivu, kwa jirani mbaya, alipata mtu wa kumlaumu. Walimwita muuaji. Mmoja alimwita mlozi. Priscille, mke wa askari wa Kapalata, alikuja hadi mlangoni kwetu akamwaga mfuko wa samaki waliooza mbele ya mama, na mama akawazoa. Siku tatu baadaye Mama Agathe akamtoa papa kikundini, kwa ajili ya amani, alisema.

Papa alikuwa na jambo moja tu la kusema. Alisema aliandika kwamba majani yanyaushwe juani siku mbili kwanza ndipo yapewe samaki, kidogo kidogo. Alijua aliandika. Lakini alikuwa ameshatolewa, mlango umefungwa, hawezi hata kuona maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo alitutegemea sisi wawili tuliobaki ndani.

Wewe ulimwambia umetafuta siku tatu, umemaliza mega zako zote za intaneti, na andiko hilo halipo. Nilikuwepo, nilikuwa natwanga sombe, majani hayohayo ya muhogo, uani. Ulimwambia labda alikusudia kuandika akasahau, umri nao una mambo yake. Ulimshika bega.

Tangu siku hiyo papa alibadilika. Mwanzoni alisema aliandika. Baada ya miezi akaanza kusema labda. Wiki ya mwisho, pale hospitali, aliniita karibu akaniambia kwa sauti ndogo, "Labda sikuandika, mwana. Labda ni kichwa tu yangu iliandika. Basi samaki ya watu ni mimi niliua." Nilimwambia apumzike. Alikufa akiamini hivyo, Timothée. Mtu aliyekuwa anaonja maji ya bwawa kwa ulimi kabla ya kuweka kifaranga hata kimoja.

Andiko hilo nililipata tarehe 11 Januari mwaka huu, siku ileile niliyosoma maandiko yake yote, baada ya saa moja hivi ya kutafuta. Saa moja, si siku tatu. Ni la Machi 2019. Lina mistari ishirini, na mstari wa sita unasema: majani ya muhogo yakatwe, yaanikwe juani siku mbili kamili, mabichi ni sumu. Chini yake kuna watu kumi na wanne waliosema asante. Mmoja wao ni wewe. Uliandika, "Asante papa, tumeelewa," na kidole gumba.

Sikuamini kwamba ni ubaya. Naapa, nilikutetea kichwani mwangu wiki nzima. Nilisema huenda ulitafuta vibaya, huenda simu yako ilikuwa mbovu. Kisha nikalipandisha andiko la papa Jumamosi ya tarehe 18, pamoja na tarehe yake, bila kuongeza maneno. Ulikuwepo, uliona. Ruphin ndiye alisoma mstari wa sita kwanza, akaunakili, akauliza wote waliomtukana mzee wako wapi. Mama Agathe alifika nyumbani siku ya pili na kuku wawili, akapiga magoti mbele ya mama, mtu mzima mwenye mwili wake ule. Priscille naye alitoka Kapalata, akasimama langoni kwa muda mrefu, akashindwa kuingia, akaacha ndizi kwa jirani. Mama alizila. Mimi sikuweza.

Basi watu wakaanza kuuliza Rafiki ya Étang ni nani. Na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta yenye kioo kikubwa.

Niliikuza ile picha, yaya. Simu zetu ni ndogo, kwa simu unaona samaki tu. Kwa kompyuta unaona ukingo wa beseni. Ni la bluu, na kwenye ukingo kuna alama ya rangi nyekundu ya kucha, msalaba mdogo na nukta mbili chini yake. Nadhani sasa umeacha kusoma, unatazama nje. Rudi. Wewe na mimi tumekulia ndani ya alama hiyo. Kila mama wa soko ana yake, mabeseni yasichanganyike yakishushwa kwenye gari, na hii ni ya mama tangu kabla hatujazaliwa. Ipo kwenye sufuria, kwenye ndoo, hata kwenye kile kiti ulichovunja. Mtu mgeni angefuta alama hiyo au angeificha. Wewe hukuiona kwa sababu umeizoea kama pua yako.

Nilimwuliza mama, kwa ujanja, wakati wa kuosha vyombo, lile beseni la bluu lilikwenda wapi. Alicheka, akaniambia, "Ile ya bleu? Nilipatia Plamedie siku alizala Benie. Bassin ya bleu ilikuwaka moja tu mu nyumba hii." Kisha akaendelea kuosha. Siku ya pili nikamwomba Mama Agathe afungue orodha ya wanachama, tuone akaunti ile iliingizwa na nani, maana kikundi kinaweka kumbukumbu. Jina lako liko pale. Mama Agathe alitazama kioo, akanitazama, akafunga kompyuta kwa mkono wake.

Kwa hiyo sasa unaelewa ile sauti yako ya upole ilinifikia ikiwa imechelewa.

Kabla sijafika mwisho, nina langu la kukiri, na sitaki ulisikie kwa mwingine. Chini ya ile picha ya beseni kuna maoni mia mbili na zaidi. Nimeyasoma yote. La thelathini na moja ni langu. Niliandika, kwa jina langu na sura yangu, "Papa, omba watu msamaha, yaishe." Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikuwa na haya mbele ya rafiki zangu, nikataka jambo liishe, na njia fupi ilikuwa kumsukuma yeye. Na siku alipokuja na simu yangu mkononi, akaniambia, "Kaswera, unitafutiye ile maneno ya sombe, iko ndani, mimi najua iko ndani," nilimwambia kesho. Aliniomba mara nne. Mara zote nne nilimwambia kesho. Ningempa saa moja ile, angekufa anajua kichwa chake kizima. Wewe uliiba, mimi nilikushikia mlango. Hilo ninalibeba, na halipungui kwa kukuchukia wewe, ingawa nimejaribu.

Ninakuchukia, Timothée. Niandike tu lilivyo. Nilidhani nikikuandikia hasira itashuka, lakini kadiri kalamu inavyokwenda ndivyo naona utamu wake.

Barua hii naiandika leo Ijumaa. Fadhili anaondoka Jumapili, na kwa njia ile itakufikia Jumanne au Jumatano. Nimepanga hivyo makusudi. Kesho ni Jumamosi ya Kufukua, na kesho nafukua matatu. La kwanza ni yale maoni yangu ya thelathini na moja, ili watu wanitukane mimi kwanza, nimewapa ruhusa. La pili ni picha yako, imekuzwa, na alama imezungushiwa duara. Kama umekuwa unajiuliza kwa nini tangu Jumamosi watu wa Opala wanakujibu salamu wakitazama viatu vyako, ni hilo. Mkubwa wako wa mradi ni mwanachama wetu tangu mwaka jana, na husoma kila kitu.

Mama Agathe alitaka kukutoa kikundini. Nilimsihi asifanye hivyo. Papa alitolewa, hakuona tena alivyosemwa wala hakuweza kujibu. Wewe utabaki ndani. Nataka usome kila neno.

La tatu nalikunakilia hapa, kwa sababu najua hutashuka hadi lilipo. Hukushuka wakati ule. Unakumbuka Mama Agathe alipotangaza kwamba mradi unatafuta mwalimu wa kwenda Opala, na kwamba kikundi kinampendekeza Liévin wa Kabondo? Watu themanini waliandika hongera, wewe pia uliandika hongera. Papa alijibu, lakini alijibu kwa kuchelewa, chini kabisa, mahali ambapo hakuna aliyesoma, hata Mama Agathe. Ni siku mbili kabla ya picha ya beseni. Aliandika hivi:

"Muniache nishukuru wote kwa kunifikiria. Miguu yangu haitaki tena njia ya Opala. Mutume Timothée, mutoto yangu. Yote niliandika humu, yeye anaijua kwa mikono. Nitamwambia mimi mwenyewe siku ya Mungu, tukikula pamoja. Liévin, Kabondo."

Jumapili ile hatukula pamoja, maana picha ilikuwa imeshawekwa. Kazi ilikuwa yako, yaya. Alikuwa ameshakupa.

Sina habari nyingine. Mvua zimeanza na bwawa la papa, lile la juu, limejaa vizuri. Ninalitunza mimi sasa, kwa kufuata maandiko yake. Mama hana Facebook, kwa hiyo bado hajui, na mimi sitamwambia. Hiyo kazi nimekuachia wewe, na pikipiki unayo. Anakusalimu sana, anasema ule vizuri na ufunike kifua asubuhi.

Mpe Plamedie salamu zangu, hana kosa, na umbusu Benie. Umwambie Plamedie ampatie Fadhili lile beseni la bluu, alifunge nyuma ya pikipiki. Mama ameliulizia tangu siku ile, na nimemwahidi kwamba utalirudisha.

Kaswera, Kabondo.